Ukingo wa Kushoto

4 Machi

Kaka Kipara,

Wifi amenipigia akaniambia nisikupigie tena simu. Anasema kila ukizungumza unashika shavu, na kwamba mara ya mwisho hukunikatia kwa hasira, ulikata kwa maumivu. Sawa, tuandikiane. Wewe kinyozi uliyeshindwa kunyamaza hata mteja alipokuomba, leo umepigwa kufuli mdomoni. Na mimi uliyenibatiza Sindano kwa sababu ya ulimi, sina tena wa kumchoma.

Picha za kichwa chako zimefika. Fundi wa chumba cha mashine hospitalini kwenu alizituma juzi kwa kompyuta, pamoja na maelezo ya daktari mpasuaji: watakata kipande cha taya la kushoto chenye uvimbe, na mahali pake wataweka cha chuma chepesi. Mashine ya kukitengeneza wanayo, mchoraji hawana. Fundi akaniuliza, "Umewahi kuchora kiungo cha mwili?" Nikamwambia ukweli, kwamba kiwandani kwetu nachora mabomba, vifuniko vya chupa na vishikio vya milango. Akasema, "Basi taya nalo ni kishikio. Linashika meno."

Kazi yenyewe iko hivi. Naanza na umbo la ovyo, kama boksi lililokanyagwa, lenye miraba michache. Kisha naiamuru kompyuta ilainishe. Inagawa kila mraba katika minne, inavuta kila pembe kuelekea kwa majirani zake, halafu inarudia, inarudia, mpaka lile boksi linakuwa kama sabuni iliyotumika wiki nzima. Kwa shavu ni vizuri. Kwa ukingo ni balaa. Pale kipande kinapokutana na mfupa wako panatakiwa ukingo mkali, kikae kama droo kwenye kabati, lakini kompyuta haijui hilo. Yenyewe kila kitu kikali inakiona kosa. Kwa hiyo nauchagua mstari kwa mkono wangu na kuuwekea alama: huu usiguswe.

Nimeanza leo. Usijali.

Mdogo wako,
Sindano


15 Machi

Sindano,

Barua yako nimeisoma dukani, nimekaa kwenye kiti cha wateja. Hakukuwa na mteja. Wanakuja, wananikuta kimya, wanadhani nimewakasirikia. Jana mwalimu wa hesabu, yule mwenye visogo viwili, aliniuliza kitu mara tatu. Nikamwandikia kwenye daftari, "Nina jino." Akaniambia kinyozi asiyepiga soga ni sawa na kunyolewa na ukuta.

Wifi yako anasaga kila kitu siku hizi. Ni mpishi wa shule, amezoea kulisha watoto mia tatu, sasa mkono wake wote umeniangukia mimi mmoja. Jana kanisagia mpaka mkate.

Daktari ni mtu wa maneno machache. Ameshika kidevu changu, akakigeuza huku na huku kama mimi ninavyogeuza vichwa vya watu, akasema, "Tutakata mwezi wa nne." Basi.

Nina ombi moja. Mimi sina nywele, sina urefu, na tumbo unalijua. Kitu pekee nilichorithi kwa baba ni huu mstari wa taya, unaoshuka kutoka sikioni ukakata kona kuja kidevuni. Wifi yako alinikubalia kwa ajili ya kona hiyo, anakana lakini najua. Usije ukanifanya sabuni. Niwekee kona yangu.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka,

Kona yako ipo. Nimehangaika nayo siku nne. Kompyuta inaichukia, nikiigeuzia mgongo inaivimbisha.

Kipande nimemtumia fundi leo asubuhi. Kina kingo za aina mbili. Ule unaogusa mfupa nimeupa ukali kamili. Wa nje, utakaolala chini ya ngozi, nimeupa ukali wa nusu: kompyuta inauheshimu mara mbili, ya tatu inauachia ulainike. Ningeuacha mkali mpaka mwisho, siku moja ungetoboa shavu na kuchungulia nje. Ningeulainisha wote, ungekuwa na uso wa mtoto. Bosi alipita nyuma yangu akauliza, "Hicho ni kifuniko cha nini?" Nikamwambia ni cha kaka yangu. Hakuuliza tena, na ameniruhusu kutumia mashine baada ya saa za kazi.

Kuhusu kuja siku ya upasuaji, sitaweza. Kazi imenibana mno, tuna oda kubwa ya mabomba. Nisamehe. Nitakuja ukishapona, unichoshe na maneno uliyoyalimbikiza.

Sindano


28 Aprili

Mdogo wangu,

Upasuaji umeahirishwa. Usishtuke, foleni tu.

Ila kuna jambo. Fundi alitengeneza kwanza kipande cha plastiki cha kujaribia, wakakipima, hakikukaa. Upande wa sikioni kimepungukiwa na milimita nne. Fundi anadhani ni ule ulainishaji wako, kingo zimeliwa. Mashine yao ya picha imeharibika, kwa hiyo picha mpya hakuna. Atakuandikia vipimo tu, uongeze hapo.

Si kosa kubwa. Hata mimi nimewahi kumpunguza mtu nyusi moja.

Kaka


6 Mei

Kaka,

Ni kosa kubwa. Usinibembeleze.

Nilikuwa najua, na bado limenipita. Umbo likilainishwa linanywea, linajikunja ndani ya lile boksi la mwanzo kama nguo mpya iliyofuliwa. Kila mwanafunzi wa kazi hii anafundishwa hilo wiki ya kwanza. Nilikuwa nimeshughulika na kona yako, ya urembo, nikasahau kupima mwisho wa kipande. Mtu amekaa na maumivu mwezi mzima zaidi kwa sababu mimi nilikuwa nachora kidevu.

Nimeongeza milimita nne. Nimeweka pia mistari miwili ya kushikilia, mmoja kila upande wa ukingo, karibu karibu kama vidole vinavyobana karatasi, ili kompyuta ikivuta isipate pa kuvuta. Nimepima mara kumi na moja. Nimempa mwenzangu wa meza ya pili apime naye, mtu ambaye hata kusalimiana naye huwa tunabishana.

Safari hii kitakaa. Nisamehe, kaka yangu.

Sindano


9 Juni

Sindano,

Hakikukaa. Fundi anasema milimita saba tena, upande ule ule. Vipimo anavyo, atakutumia.

Wewe endelea tu kuchora. Mimi nasubiri.

Barua fupi, mkono umechoka.

Kaka


17 Juni

Kaka,

Nimekaa na vipimo vyako siku tano na sitaki kuandika ninachotaka kuandika.

Kulainisha hakuna upendeleo. Kunalipunguza umbo pande zote, juu, chini, mbele, nyuma. Kipande changu kwa mbele, kuelekea kidevuni, hakijakosea hata unywele. Chini hakijakosea. Kinakosa upande mmoja tu, wa sikioni. Kwanza nne, halafu saba. Mistari yangu ya kushikilia haikusogea. Nimerudia yote tangu picha ya kwanza, nimekata, nimelainisha, nimepima, na ukingo wangu uko pale pale nilipouweka mwezi wa tatu.

Nimemwandikia fundi mara nne nikimwomba picha, picha yoyote, hata ya simu. Hajibu. Mtu aliyekuwa ananitania kuhusu vishikio vya milango hanijibu.

Kaka, niulize mimi swali la kijinga au nikuulize wewe? Ukingo unaorudi nyuma ni wangu, au ni wa mfupa?

Sindano


25 Juni

Wifi yangu,

Mimi si mwandishi, wewe unajua. Kaka yako ameipokea barua yako akaisoma, akaikunja, akaenda kufagia duka lililokwisha fagiliwa. Nikaichukua mfukoni mwake.

Ni wa mfupa.

Mashine ya picha haikuharibika. Wamempiga picha mwezi wa nne na mwezi wa tano. Ule uvimbe hausubiri foleni. Mwezi wa nne ulikuwa umekula kidogo, daktari akasema tukate nyuma zaidi, ndiyo ile nne yako. Mwezi wa tano ulikuwa umefika kwenye bawaba ya taya, kule sikioni, na umepita. Daktari aligeuza kioo cha kompyuta tukaona wenyewe. Akasema, "Hakuna tena mahali pa kufungia skrubu." Nikamuuliza, "Kwa hiyo?" Akarudia maneno yale yale, polepole, kama mimi ndiye sikusikia.

Kaka yako alinizuia kukuambia. Alinishika mkono kwa nguvu, hajawahi kunishika hivyo tangu tuoane. Na mimi nimechoka kunyamaza. Nyumba nzima imekuwa ya mabubu.

Njoo, wifi. Achana na mabomba.

Wifi yako


1 Julai

Sindano,

Amekwambia. Sijamgombeza. Ningemgombeza kwa mdomo upi?

Nikuambie na mengine, ili usiyagundue kwa hesabu zako. Ile nne ilikuwa ya kweli, ya daktari. Ile saba haikuwa ya daktari. Alikuwa ameshasema hakatwi mtu. Nilimfuata fundi kwenye chumba chake cha mashine, nikamwandikia kwenye daftari: "Mtumie vipimo." Akasema, "Mzee, hii haitatengenezwa." Nikaandika tena: "Mtumie." Alikaa ameshika kichwa, halafu akapima kutoka kwenye picha mpya akakutumia. Usimchukie. Ameshindwa kukuandikia kwa sababu ana aibu.

Utaniuliza kwa nini nilikuacha ujilaumu. Nilikuona unajilaumu, na kila barua iliniuma kuliko taya. Lakini kila barua ilisema pia kwamba kesho yake utaamka, utakaa mezani, utashika uso wangu na kuugeuza. Mahali fulani duniani palikuwa na mtu bado anautengeneza. Niliogopa siku utakayozima hiyo kompyuta.

Hayo tu. Si sababu ya mtu mzima, najua.

Kaka yako


10 Julai

Kaka,

Nimekasirika mpaka nimeandika barua tatu nikazichana. Hii ni ya nne, na hasira imeisha kwa sababu mimi pia ni mwongo.

Hakuna oda ya mabomba. Bosi aliniambia tangu mwezi wa tatu, "Nenda kwa kaka yako, kazi utaikuta." Sina ruhusa ya kutoka. Karatasi zangu za ukaazi ziko ofisi ya uhamiaji zinafanyiwa kazi, na mtu akivuka mpaka wakati zinafanyiwa kazi harudi. Nilikuwa tayari nisirudi. Nikaenda kuchukua hati yangu ya kusafiria, wakaniambia imefungwa pamoja na faili, na faili haliwezi kufunguliwa kabla halijaamuliwa. Nimekwenda mara sita. Kuna mama mmoja wa dirisha la tatu, si mkatili, ananiita "binti yangu." Nilimwonyesha picha ya taya lako kwenye simu. Alifumba macho akasema, "Binti yangu, mimi sina ufunguo."

Sikutaka ujue, kwa sababu ungesema nilikosea kuondoka nyumbani.

Fundi ameniandikia mwishowe. Anaomba msamaha, halafu anauliza kama naweza kumchorea mwanamke mmoja, mshonaji, amevunjika taya kwa ajali. Mfupa wake umetulia. Nimemwambia hapana. Sitaki kuona taya la mtu yeyote.

Mdogo wako


30 Julai

Mdogo wangu,

Huko kuondoka nilikulaumu mwaka wa kwanza tu. Baadaye nilikuwa nakutangaza dukani mpaka wateja wakawa wanasinzia.

Kwa hiyo hatutaonana. Nimeandika sentensi hiyo polepole nione kama inaandikika. Inaandikika.

Sijamwambia wifi yako kuhusu karatasi. Amekutandikia kitanda chumba cha mbele na kila ikisimama gari nje anatazama dirishani. Nimeshindwa kumnyang'anya hilo. Unajua udhaifu wangu sasa, mimi ni mtu wa kuwaachia watu vitu vya kushika. Akijua, atajua baadaye.

Duka bado nafungua asubuhi. Kumetokea kitu cha ajabu: kwa kuwa siongei, wateja ndio wanaongea. Mwalimu wa hesabu ameniambia mambo ambayo mkewe hayajui. Miaka ishirini na miwili nimewazibia watu midomo kwa soga zangu, kumbe walikuwa na yao.

Huyo mshonaji mchoree. Sikuombi. Anakunywa uji kwa mrija kama mimi, nilimwona kwenye benchi la hospitali, tulitazamana tukacheka kwa macho. Yeye ana pa kufungia skrubu.

Kaka yako


3 Septemba

Kaka,

Nimemchorea. Ilinichukua siku tisa. Nilifanya kila kitu kama nilivyofanya kwako: ukingo mkali kwenye mfupa, ukali wa nusu chini ya ngozi, mistari miwili ya kushikilia. Sikubadilisha kitu.

Jana fundi ameandika. Kilikaa. Mara ya kwanza tu, bila kusuguliwa kwa tupa hata kidogo. Daktari alikibonyeza kwa kidole gumba kikasema "tik," na chumba kizima kilisikia. Kimeshafungwa. Mshonaji anatafuna.

Unajua nilifanya nini? Nilisimama nikaenda msalani kiwandani nikalia kwa hasira. Sikumwonea wivu yule mama, Mungu ampe meno ya chuma. Nililia kwa sababu sikukosea. Muda wote ule kazi yangu ilikuwa sawa. Ingekuwa mbovu, ningejifunza, ningerekebisha, ningekesha juu yake. Sasa sina cha kurekebisha.

Niandikie hata mstari mmoja.

Sindano


20 Septemba

Wifi,

Barua yako ilifika tarehe kumi na mbili. Nilimsomea, macho yalikuwa wazi lakini hakuweza kushika kalamu. Nilipofika pale pa "tik" aligonga ubao wa kitanda kwa kucha, mara moja.

Amefariki tarehe kumi na nne, asubuhi, nikiwa jikoni nasaga. Nilizima mashine nikasikia kimya. Tumemzika siku iliyofuata. Nilikupigia simu mara nyingi hukupokea, ukaja kupokea ukalia tu ukakata.

Nitakuambia wazi, wifi, kwa sababu nikikaa nalo litanioza. Sikukuelewa. Miezi mitatu nilikuita. Kila nikimuuliza, aliandika kwenye daftari, "Kazi imembana, usimsumbue." Kazi gani hiyo? Majirani waliniuliza yuko wapi dada yake, nikasema yuko njiani. Nilisema uwongo mbele ya kaburi kwa ajili yako.

Wifi yako


29 Septemba

Wifi yangu,

Hakuna kazi iliyonibana. Hati yangu ya kusafiria imefungwa ofisini tangu mwezi wa pili. Alijua, nilimwambia mwezi wa saba. Alikataa kukuambia kwa sababu ulikuwa unatazama dirishani. Sikuandikii hivi ili umlaumu yeye. Nilikubali afiche kwa sababu ilinifaa na mimi.

Tarehe kumi na nne asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la tatu, namba yangu ilikuwa arobaini na sita. Walifunga kwenye thelathini na nane. Simu ilikuwa kwenye kabati la mlangoni, hawaruhusu kuingia nayo.

Bado siwezi kuja. Hata sasa. Nimeambiwa nisubiri.

Kama utachagua kutonijibu nitaelewa. Lakini kama utajibu, niambie jambo moja tu. Yeye alikuwa anajinyoa mwenyewe kila siku, hakuwahi kumruhusu kinyozi mwingine amguse. Mkono ulipomwishia, nani alimnyoa?

Wifi yako


8 Oktoba

Wifi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikakaa. Nyinyi wawili mlinifichia, na mimi na yeye tulikufichia wewe, sasa simwoni wa kumgombeza.

Nilimnyoa mimi. Wiki tatu za mwisho. Sikuwahi kushika wembe maishani. Siku ya kwanza alikuwa bado anaandika, akaniandikia kwenye daftari, "Nyoosha ngozi, ufuate mfupa." Upande wa kulia nilifuata mfupa, ukanipeleka wenyewe kutoka sikioni mpaka kidevuni, ile kona yake nikaipita vizuri.

Upande wa kushoto hapakuwa na wa kufuata. Wembe ulikuwa unatafuta ukingo unakuta laini tu, unatafuta, unakuta laini, mpaka nikamkata. Damu ikatoka. Nikaweka wembe chini nikamwambia siwezi.

Akaushika mkono wangu, akaurudisha pale pale.

Wifi yako